Msipige sementi kuta za Boma

Mhariri,

Kila ugeni mkubwa unapokaribia Arusha, majengo ya zamani hupakwa rangi haraka haraka. Sasa uwanja mpya unajengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON ya 2027, na nina hofu na makopo yatakayofunguliwa mjini. Kabla ya rangi, maji yatafutiwe njia.

Kuta nene za mawe za enzi za Boma la Wajerumani, la mwaka 1900, ziliungwa kwa chokaa. Chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea usoni pa ukuta na kukauka. Ukiuziba kwa lipu ya sementi na rangi ya plastiki, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya masika chache lipu huvimba na kubanduka na ngozi ya jiwe. Kinachosikitisha ni kwamba fundi huitwa tena, akaongeza sementi.

Sementi hiyo itolewe kwa patasi na nyundo ya mkono, ukuta uachwe ukauke kiangazi chote. Kisha changanyeni ndoo 1 ya chokaa iliyozimwa na kulowekwa kwa ndoo 3 za mchanga mkali uliooshwa. Koti moja la lipu hiyo lisizidi milimita 10, lifunikwe magunia mabichi wiki nzima. Likikaushwa na jua hugeuka unga. Juu yake pakeni chokaa. Gata zizibuliwe, na vitanda vya maua viondolewe ukutani.

Majukwaa ya uwanja wa Sheikh Amri Abeid ni zege, na zege lina ugonjwa wake. Maji yakiingia kwenye nyufa, nondo hushika kutu, hutanuka na kulipasua. Gongeni kwa nyundo. Panapolia uwazi, chongeni hadi nyuma ya nondo, sugueni kutu yote kwa brashi ya waya, ndipo mzibe. Kusiriba juu juu ni kuficha hatari wanapokaa watu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863 tu. Boma, stesheni ya reli, hata ukumbi wa Kaloleni lilikopitishwa Azimio la Arusha mwaka 1967, vyote ni vya baada ya hapo. Ulinzi wake hutegemea tangazo la waziri. Halmashauri iombe tangazo kwa kila jengo lisilokuwa nalo, na zabuni za ukarabati zitaje chokaa kwa jina na vipimo, kwa sababu mkandarasi hununua kilichoandikwa.

Fundi ujenzi,
Arusha