Barua ya Wazi kwa Wanangu Mnaosoma Ufini

Wanangu na wajukuu zangu,

Marahaba kwa shikamoo zenu zinazonifikia hapa Kibaha kwa simu kila mwisho wa juma. Nimeona niwaandikie kwa pamoja, kwa sababu wawili kati yenu, wasiofahamiana, wameniuliza swali lile lile: inawezekanaje mtu akaishi katika nchi inayosifiwa kuwa na watu wenye furaha kuliko wote duniani, akasoma kile alichokiomba kwa miaka, na bado akaamka na huzuni ambayo anaona haya kuikiri?

Ni kweli kwamba tangu 2018 Ufini imeshika nafasi ya kwanza mwaka baada ya mwaka katika Ripoti ya Furaha Duniani. Lakini wengi wanaoitaja sifa hiyo hawajui wahojiwa huulizwa nini. Mtu huambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia sifuri hadi kumi, cha juu kikiwa maisha bora kabisa kwake na cha chini maisha mabaya kabisa, kisha aseme yeye amesimama wapi. Katika swali hilo haulizwi kama jana alicheka, wala kama yupo wa kumbishia hodi jioni. Mfini anayejiweka kidato cha nane anajua kwamba akiugua atatibiwa, akikosa kazi atasaidiwa, na mwanawe atasoma bila ada. Ninyi hamkuikuta ngazi hiyo. Tangu 2017 wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya na kusoma shahada kwa Kiingereza hutozwa ada, kibali chenu cha kuishi kina tarehe ya mwisho, na baadhi yenu husambaza magazeti usiku au kusafisha ofisi kabla ya vipindi. Msijione mna kasoro kwa kukosa utulivu ambao wenyeji wamejengewa na nchi yao kwa vizazi.

Tena kuna giza. Mwezi wa Desemba, pale Helsinki, jua huchomoza karibu saa tatu na nusu asubuhi na kufikia saa tisa na robo alasiri huwa linazama, na huko Oulu, kaskazini zaidi, huzama mapema zaidi. Mwili uliozoea saa kumi na mbili za mchana lazima ushtuke. Mkiona usingizi na hamu ya kula vimevurugika kwa wiki kadhaa, nendeni kwa wauguzi na wanasaikolojia wa YTHS, huduma ya afya ya wanafunzi ambayo ada yake mnailipa kila muhula. Kwenda huko si kukosa imani wala si udhaifu.

Hata hivyo, nionavyo mimi, kinachowaumiza zaidi ni kuficha. Kijana mmoja alikuwa akimpigia mama yake simu ya video kila Jumapili, amesimama mbele ya rafu za maktaba, koti limefungwa hadi shingoni, ili mama aone vitabu. Simu ikikatika, alikuwa akivaa buti na kwenda zamu ya usafi. Mama naye, ambaye ni jirani yangu, alikuwa akijiuliza kwa nini mwanawe hasemi lolote kuhusu chakula. Siku alipomweleza ukweli, mama alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza kama buti hizo zinaingiza maji. Kijana aliniambia kwamba usiku ule alilala vizuri, ingawa ada ilikuwa ile ile na baridi ile ile.

Ndiyo maana nasema kwamba furaha ya mtu aliye ugenini huanza pale anapokuwa na watu wawili watatu wanaomjua alivyo kweli, na angalau mmoja aliye karibu anayemhitaji. Shahada haitawaletea hilo siku ya mahafali kama hamkulitafuta mkiwa bado mnasoma. Waambieni ndugu kiasi mnachopata na kodi ya chumba ilivyo, hata kama maombi ya pesa kutoka nyumbani yataendelea. Na sisi wazazi tujifunze kuuliza habari za mtoto kabla ya habari za pesa, jambo ambalo wengi wetu tumelisahau.

Wafini nao msiwahukumu haraka kwa sababu hawakai karibu nanyi kwenye basi. Shirika la Elimu hapa Kibaha lilianza na makubaliano ya mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Nordiki, yaani za kaskazini mwa Ulaya, Ufini ikiwamo, na wageni waliokuja wakati huo nao walikuwa mbali na kwao. Kubalini mnapoalikwa sauna, chumba chao cha kuoga kwa joto na mvuke. Nanyi pikeni pilau Jumamosi, mwite jirani wa korido hata kama hamjawahi kusalimiana.

Januari, sherehe zikiisha na theluji ikiwa bado ipo, gawaneni majina ya wenzenu walio peke yao katika miji ya kaskazini, na kila mmoja awe na wa kumpigia simu kila wiki.

Mzee wenu,
Kibaha