Barua kwa Mwanangu: Mama Felix Ukingoni mwa Mto

Musoma

Mwanangu Neema,

Salamu zako zimefika, na wadogo zako wamezipokea kwa kelele kama unavyowajua. Huku hatujambo. Upepo wa ziwa umekuwa mkali wiki hii, mitumbwi mingi imelala mwaloni na dagaa wamepanda bei, lakini tunakula na tunashukuru.

Swali lako nimelisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unasema wenzako bwenini walikuwa wakitajiana miaka waliyobatizwa, zamu yako ilipofika ukasema bado, na mmoja akauliza kama kwenu ni wapagani. Ukanyamaza. Sasa unaniuliza mimi: "Mama, kwa nini hamkunibatiza?"

Usimkasirikie mwenzako. Kwao mtoto hupelekwa kubatizwa angali mchanga, na wazazi wake walifanya hivyo kwa kumpenda. Wewe tulikupeleka mbele ya kanisa, mchungaji akakupakata, akakuombea na kukubariki, tukarudi nyumbani kula wali. Ubatizo tulikuachia mwenyewe. Ili uelewe sababu, lazima nikusimulie habari za kijana mmoja wa Uswisi na mama yake.

Kijana huyo ni Felix Manz, aliyezaliwa Zürich mnamo 1498 hivi. Baba yake alikuwa kasisi wa kanisa kubwa la Grossmünster. Makasisi hawakuruhusiwa kuoa, kwa hiyo mtoto alizaliwa nje ya ndoa. Mama yake huku kwetu angeitwa Mama Felix, nami nitamwita hivyo. Felix alisoma Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Mhubiri wa mji, Ulrich Zwingli, alipoanza kuifungua Biblia upya na kupinga yale ambayo hakuyaona ndani yake, Felix alikuwa mmoja wa vijana waliomfuata kwa moyo wote, pamoja na rafiki yake Conrad Grebel. Walimpenda mwalimu wao. Likumbuke hilo, maana ndilo linaloniumiza zaidi katika habari hii.

Kusoma kwao kukawaletea swali. Mle katika Agano Jipya waliona watu wakisikia neno, wakitubu, wakiamini, ndipo wakabatizwa. Basi mtoto wa siku mbili ameamini lini? Zwingli hakukubaliana nao, na baraza la mji likasimama naye. Uelewe kwamba katika Zürich ya wakati ule kuwa raia na kuwa Mkristo lilikuwa jambo moja. Maji yaleyale yalimwingiza mtoto kanisani na mjini. Anayesema ubatizo usubiri imani ya mtu mwenyewe anasema pia kwamba serikali haina amri juu ya imani. Watawala waliliona hilo mapema, na wakaogopa.

Mnamo 17 Januari 1525 pande mbili zilijadiliana mbele ya baraza. Baraza likaamua kwamba mzazi yeyote mwenye mtoto ambaye hajabatizwa ambatize ndani ya siku nane, la sivyo afukuzwe nchini. Siku nane, Neema. Ningekuwa mama wa Zürich mwaka ule, nikiwa na wewe mgongoni, ningekuwa nimehesabiwa siku.

Jioni ya 21 Januari kikundi kidogo kikakutana, na inasimuliwa kwamba nyumba ilikuwa ya Mama Felix. Waliomba kwa hofu. Kisha kasisi wa zamani, George, aliyepewa jina la Blaurock kwa ajili ya koti lake la bluu, akamwomba Grebel ambatize kwa imani yake mwenyewe. Grebel akambatiza, naye Blaurock akawabatiza wengine. Maadui wao wakawaita wabatizaji wa mara ya pili, ndiyo maana ya neno Waanabaptisti, ingawa wenyewe walisema ule wa utotoni haukuwa ubatizo. Kutoka chumba kile ndiko kulikotokea jamii ya makanisa tuliyomo sisi Wamennonite. Wamisionari waliofika Shirati mwaka 1934, ambao babu yako aliwasikia wakihubiri, walikuwa wamebeba kitu kilichoanzia sebuleni kwa mwanamke aliyefungua mlango akijua amri imeshatoka.

Baada ya hapo ni kukamatwa na kufungwa, kuachiwa na kukamatwa tena. Safari moja, Machi 1526, Felix na wenzake walitoroka kupitia dirisha la mnara walimofungwa. Grebel alikufa kwa tauni mwaka huohuo. Baraza lilikuwa limeshatangaza kwamba atakayebatiza tena atatoswa majini hadi afe. Desemba Felix alikamatwa tena, pamoja na Blaurock. Mashtaka yalikuwa kwamba amebatiza watu kinyume cha amri, kwamba ametaka kukusanya waamini kando ya kanisa la mji, na kwamba amefundisha kuwa Mkristo hashiki upanga wala haui mtu. Kwa hilo la mwisho nasimama naye hata leo. Zwingli mwenyewe alikuja kuuawa vitani huko Kappel mwaka 1531, na habari hiyo hainifurahishi hata kidogo, inanisikitisha tu.

Tarehe 5 Januari 1527, Jumamosi mchana, walimtoa Felix gerezani, wakampitisha sokoni penye samaki na kumpandisha mashua. Mto Limmat unatoka katika ziwa na kupita katikati ya mji. Nawe unajua maji ya ziwa yanavyokuwa baridi alfajiri ya Julai. Sasa fikiria Januari ya Uswisi. Walimpeleka kwenye kibanda cha wavuvi kilichokuwa mtoni. Pale walimfunga mikono, wakaipitisha juu ya magoti yaliyokunjwa, wakachomeka fimbo kati ya mikono na magoti asiweze kujinyoosha.

Ukingoni alikuwepo mama yake, pamoja na ndugu yake Felix. Aliyeandika habari hii ni Heinrich Bullinger, aliyeshika nafasi ya Zwingli baada yake, mtu asiyewapenda Waanabaptisti hata chembe, kwa hiyo siwezi kusema aliwapamba. Anaandika kwamba mama na ndugu walimsihi Felix asimame imara. Naye, walipokuwa wakimfunga, aliimba kwa Kilatini maneno unayoyajua: "Mikononi mwako naiweka roho yangu." Kisha wakamsukuma majini. Mali yake ikachukuliwa na mji. Ndiye Mwanabaptisti wa kwanza kuuawa na Waprotestanti, watu walioisoma Biblia ileile pamoja naye. Blaurock, siku hiyohiyo, alichapwa viboko na kufukuzwa. Miaka miwili baadaye alichomwa moto huko Tirol.

Nilipoisikia habari hii mara ya kwanza, nikiwa kama wewe, nilimhurumia Felix. Nilipokuzaa nikamkasirikia mama yake. Mama gani anamwona mwanawe amefungwa kamba asimpigie kelele akane, arudi nyumbani, aishi? Mimi ningeogelea. Ningepiga magoti mbele ya baraza zima.

Halafu ukaugua. Ulikuwa na miezi saba, homa kali, umelegea kama kitambaa. Bibi yako mzaa baba, na unajua anavyokupenda, alinishika mkono katikati ya usiku, akaniambia nikupeleke kwa kasisi wa kwao ubatizwe kabla hakujakucha. Aliogopa kwa ajili yako. Mimi niliogopa zaidi yake, na nakuambia leo kwamba nilishavaa kanga ya pili na kukufunga mgongoni. Nilifika mlangoni. Kilichonirudisha si ujasiri. Nilijiona nataka kushika kwa mikono yangu kitu ambacho ni chako na Mungu, kwa kuwa tu nilikuwa natetemeka. Nikakaa chini, nikakuwekea kitambaa kilicholowa kwenye paji la uso, nikaomba mpaka jogoo wakawika. Asubuhi ulinyonya. Bibi yako alilia, nami nikalia naye, na hajawahi kunilaumu.

Tangu usiku ule simkasirikii tena Mama Felix. Sisemi ningeweza kusimama aliposimama; siwezi kukuahidi hilo. Ila nimeelewa kwamba siku ile imani ilikuwa ya Felix tayari. Mama alikuwa amebaki na sauti yake tu, akaitumia kumtia nguvu.

Mwaka 2004, Kanisa la Matengenezo la Zürich, lile lililotokana na Zwingli, liliwaomba msamaha wazao wa Waanabaptisti, na bamba la jiwe likawekwa kando ya Limmat. Linamtaja Felix na wengine watano waliozamishwa pale kati ya 1527 na 1532, na Hans Landis, Mwanabaptisti mwenzao aliyeuawa mwaka 1614. Sijafika huko, ila siku Mungu akinijalia ningependa kusimama upande wa ukingo, alikosimama yule mama.

Wenzako wakikuuliza tena, waambie kwenu watu hubatizwa wakishaomba wenyewe, na wewe unalifikiria. Usibishane nao. Na kama moyo wako bado una maswali, au hata mashaka, niandikie nayo yalivyo. Sitashtuka.

Nimekutumia sabuni, mafuta na dagaa waliokaangwa, kwa yule binamu yako anayepita huko Ijumaa. Sweta usiliazime mtu tena.

Jambo jingine: Jumapili mchungaji alinisimamisha nje ya kanisa. Darasa la ubatizo linaanza Januari, akaniuliza kama akuandike jina. Nimempa namba ya mlezi wa bweni lenu, akuulize wewe.

Mama yako