Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI kuhusu halmashauri na njia za intaneti

Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, TAMISEMI,

Mtaa ninaoishi hapa Nzuguni umechimbwa mara tatu ndani ya miaka minne. Kila kampuni ya intaneti ilileta vibarua wake, ikakata mtaro wake kando ya mtaro wa mwenzake, ikalaza bomba lake la kupitishia waya na kufukia, nasi tukaachiwa udongo mwekundu mlangoni na, safari moja, bomba la maji lililopasuka. Lakini katika kata ninakofundisha, wilayani Chamwino, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi, hakuna kampuni iliyowahi kuja kuchimba. Msimu wa kusajili watahiniwa wa kidato cha nne ukifika, mwalimu wa taaluma hupanda jabali lililo nyuma ya bweni la wavulana, akaliwekea jiwe daftari la majina lisipeperushwe na upepo, akakaa na simu mkononi kungoja ukurasa ufunguke. Kifurushi hununua kwa fedha yake.

Mheshimiwa, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani njia kuu ya nyaya za intaneti nchini, umeshafika Dodoma. Kinachokosekana ni kipande cha mwisho, kutoka ulipo mkongo hadi shule, zahanati na ofisi ya kata, na kipande hicho kampuni haikijengi mahali ambapo wateja ni wachache na hawana fedha. Ninaomba halmashauri ziruhusiwe na ziwezeshwe kukijenga na kukimiliki.

Siombi halmashauri ziuze vifurushi. Jiji la Dodoma lilijenga Soko la Job Ndugai, likapangisha vizimba, na wauza nyanya wanashindana wao kwa wao chini ya paa moja. Hakuna aliyetarajia Mkurugenzi wa Jiji apime nyanya. Vivyo hivyo halmashauri imiliki mitaro, mabomba na nyaya za faiba, kisha ikodishe kwa kila kampuni kwa bei moja iliyo wazi. Hata mfumo wetu wa leseni za mawasiliano unatenganisha anayejenga miundombinu na anayetoa huduma juu yake. Jiji la Stockholm limefanya hivyo tangu 1994 kupitia kampuni yake ya Stokab, ambayo hukodisha faiba kwa watoa huduma na haiwauzii wakazi intaneti.

Najua hofu iliyopo, na ina msingi. Mji wa Provo, Marekani, ulikopa takribani dola milioni 39 kujenga mtandao wake, ukashindwa kuuendesha kwa faida, na mwaka 2013 ukauuza kwa Google kwa dola 1, huku wakazi wakiendelea kulipa deni. Chattanooga, nchini humohumo, ilifanikiwa, ila huko kazi ilifanywa na shirika la umeme la mji lenye nguzo, mafundi na wateja tayari. Halmashauri zetu nyingi hazina hata fundi mmoja wa faiba. Ndiyo sababu nasema zianze na bomba, ambalo halihitaji mtaalamu wa mitandao kulitunza na halipitwi na wakati kama mitambo, tena waya mpya unaweza kupitishwa humo miaka ishirini baadaye bila kugusa lami.

Wewe ndiye unayesimamia halmashauri, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, pia iko chini ya ofisi yako. Waraka mmoja kutoka kwako ungetosha kuagiza kwamba, kuanzia bajeti ijayo, barabara yoyote ya wilaya itakayofunguliwa kwa ujenzi ilazwe bomba tupu kabla ya kufukiwa, na ramani ya mabomba hayo itunzwe na halmashauri husika. Gharama kubwa ya faiba ni kuchimba, na hapo uchimbaji utakuwa umeshalipiwa na barabara.

Barabara ya kuelekea shuleni kwetu imewekwa vigingi vya upimaji mwezi uliopita. Naomba waraka huo utangulie greda.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu, mkazi wa Nzuguni, Dodoma