Zawadi za Mombasa: kipi ni cha hapa, na ni cha hapa kivipi

Swali tunaloulizwa dukani kuliko yote ni hili: "Hii imetengenezwa hapa hapa?" Mgeni ameshuka na SGR Miritini Ijumaa, Jumapili anarudi Nairobi, na ana watu wa kupelekea zawadi: mama mkwe, jirani aliyebaki na funguo, bosi, watoto. Hataki mama mkwe akigeuze kitu akute chini kibandiko cha kiwanda cha nchi nyingine. Ana haki ya kuuliza. Tatizo ni kwamba mitaani huku "ndiyo" hutoka haraka mno, na wanaojibu "hapana" nao mara nyingi hawajafikiri vizuri.

Chukua leso. Ukienda Biashara Street utakuta zimepangwa mpaka darini, na ukweli ni kwamba nyingi zimechapishwa India, nyingine Tanzania. Wateja wengine wakisikia hivyo huirudisha doti kwenye rafu. Sisi twaona wanafanya haraka. Angalia maandishi madogo kwenye pindo. Leso za Kaderdina Hajee Essak, duka la hapa Mombasa, huandikwa "Mali ya Abdulla", na mtu wa Pwani akiyaona hayo hana haja ya kuuliza zaidi. Leso za pwani hii zimekuwa zikichapishwa ng'ambo tangu enzi za mababu, Ulaya, Japani, India, na hakuna aliyewahi kusema si zetu. Cha hapa kwenye leso ni jina, yaani msemo ulioandikwa, na mpangilio wa pindo na mji, ile sehemu ya katikati. Mashine inaweza kuwa popote.

Kwa hivyo leso isome kabla ya kuuliza bei. Majina mengine ni dua, mengine ni kijembe, na ukimpelekea mama mkwe kijembe cha mke mwenza utakayeulizwa ni wewe. Kama hulielewi jina, muulize muuzaji. Akicheka bila kujibu, chagua nyingine. Hakikisha pia ni pamba. Dondosha tone la maji: pamba hulinywa, nailoni huliacha likiteleza. Kisha doti ikatwe na kupindwa hapo hapo na mafundi wa mtaani, maana leso isiyopindwa huchanika uzi mfuo wa kwanza tu.

Kwenye vinyago mambo yamegeuka. Hapo mkono ndio kila kitu, na kinyago kilichopita kwenye mashine hakina cha kukitetea. Uchongaji wa biashara wa Kenya wengi wanauanzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, aliyerudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kutoka kijiji hicho ukashuka mpaka Mombasa, na mwaka 1963 wachongaji wakaanzisha ushirika wao Changamwe, upande wa barabara ya uwanja wa ndege. Ukiwa na saa moja ya ziada, nenda. Utaona gogo likipigwa tezo na mtu mmoja, likapita kwa mwenye patasi, likamalizwa na mwenye msasa. Ukishaona hivyo hutabisha tena bei ya bakuli kama unayenunua nyanya.

Bakuli lenyewe, ulichague hivi. Ligeuze. Chini ndiko mchongaji alikochoka, na huko utaona alama za tezo au mikwaruzo ya patasi ambayo msasa haukuimaliza. Chini pakiwa laini kabisa, na mabakuli kumi ya kando yake yakiwa na upana ule ule kwa milimita, hiyo ni kazi ya mashine. Kisha linuse. Muhugu una harufu tamu ambayo haipotei upesi, na ndiyo maana mti wenyewe umekatwa mpaka umeadimika. Mwarobaini ni mwekundu hafifu, hauna harufu ya kupendeza, na kila nyumba ya Pwani unao uani. Sisi twapendelea mwarobaini. Unakua haraka, mdudu hautaki sana, na anayenunua bakuli la mwarobaini hajamaliza msitu wa mtu.

Mpingo ndio unaoongopewa zaidi. Mpingo halisi ni mzito, ukiutia majini unazama, na kwa kawaida mchongaji huacha sehemu ya utando wa nje, wenye rangi ya krimu, kuonyesha weusi ulikoanzia. Kinyago cheusi ti kila upande lakini chepesi mkononi kimepakwa rangi ya viatu. Sugua chini kwa kitambaa chenye maji kidogo. Kitambaa kikitoka cheusi, umepata jibu. Rangi ya viatu si dhambi, ila usilipie bei ya mpingo. Kwa ndugu wanaorudi Ulaya, Marekani au Ghuba: miti ya jamii ya mpingo imo tangu 2017 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja vimesamehewa. Kinyago cha sebuleni hakina neno.

Malalamiko tunayoyapata baadaye karibu yote ni mawili. La kwanza ni kupasuka. Kinyago kinakaa salama Mombasa kwenye unyevu wa bahari, kinapanda Nairobi au kinaingia nyumba ya Toronto yenye hita, na baada ya wiki kimefunguka ufa kutoka kichwani hadi tumboni. Huo ni mti uliochongwa mbichi. Kabla ya kununua, kiweke shavuni: mti mbichi ni wa baridi na ni mzito kupita umbo lake. Ukifika nyumbani usikianike juani wala kukiweka karibu na hita. Kiache kwenye gazeti, chumba cha kivuli, kikauke polepole. La pili ni unga mweupe chini ya kinyago na vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini. Hao ni wadudu. Kifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa, kiingize friza wiki mbili, kisha kitoe kiyeyuke kikiwa bado kimefungwa. Dawa ya kupuliza hatuishauri, hasa kwa bakuli la matunda.

Kuna vitu ambavyo si vya Mombasa na hatujifanyi ni vya Mombasa. Jiwe la Kisii linatoka Tabaka, na linachongwa huko huko, kabla ya kusafiri nchi nzima kutufikia. Kiondo cha katani ni cha Ukambani na Ukikuyu. Mkufu wa shanga wa Kimaasai umetungwa Kajiado au Narok, lakini shanga zenyewe za kioo nyingi hutoka Jamhuri ya Cheki, na imekuwa hivyo miaka mingi. Je, mkufu huo ni wa Kenya? Kwetu ni wa Kenya bila shaka: rangi zilivyopangwa, hesabu ya mistari, mkono uliotunga. Kwa sababu hiyo kila kitu dukani kwetu kina kibandiko chenye mistari miwili, mkono umetoka wapi na mali ghafi imetoka wapi. Bakuli: mkono Changamwe, mti Kilifi. Mkufu: mkono Kajiado, shanga Cheki. Ukiona mstari mmoja uko wazi, tuulize.

Ukitaka kilicho cha Pwani mistari yote miwili, chukua kikapu cha ukili. Miaa hukatwa kwenye mikoma, hukaushwa, husukwa kuwa ukili mrefu, kisha ukili hushonwa kwa kuzungushwa mpaka uwe kikapu. Tazama mshono: kazi nzuri imeshonwa kwa miaa ile ile, iliyobana, na ukivuta mdomo wa kikapu hauachii. Uzi wa nailoni unaong'aa ni njia ya mkato. Kikapu kikilowa kisikunjwe. Kianike kikiwa kimefunguliwa, la sivyo kitaota ukungu.

Viungo vinachekesha kidogo. Mgeni anatoka Marikiti na paketi ya karafuu, akiamini zimekua nyuma ya Fort Jesus. Karafuu ni za Unguja na Pemba. Zafarani haioti pwani hii kabisa, na ile ya rangi ya chungwa inayouzwa kwa fungu kwa bei ya chai ni maua ya mmea mwingine, inatia rangi bila ladha. Cha Mombasa ni mchanganyiko: bizari ya pilau iliyokaangwa na kusagwa mbele yako, kwa vipimo vya mwenye duka ambavyo hatakutajia. Udi wa kupika ni hivyo hivyo. Vipande vya mti vimetoka Asia, ila sukari, manukato na mkono wa kuvipika ni vya akina mama wa Mji wa Kale. Ununue pamoja na chetezo cha udongo, nasi tutakifunga kwa magazeti na kitambaa. Mifuko ya plastiki, kama mjuavyo, ilipigwa marufuku 28 Agosti 2017.

Kuhusu vitu vya bahari tuko wakali. Bangili au kitana cha gamba la ng'amba, aina ya kasa, usiguse, hata ukiambiwa ni cha bibi. Makome makubwa na matumbawe wanayokuuzia vijana ufukweni yaache; sheria ya wanyamapori ya 2013 haitanii, na mzigo hupekuliwa uwanja wa ndege na stesheni. Mtoto anataka kasa? Wapo wanaochongwa kutokana na ndara zilizookotwa ufukweni, wana rangi kuliko kasa wa kweli, na wanaelea kwenye beseni.

Na kama unataka zawadi yenye kazi ya watu wengi ndani yake, panda matatu ya kuvuka daraja la Nyali mpaka Bombolulu. Karakana zile zilianzishwa 1969 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu, wanaotengeneza mapambo, vitu vya ngozi na nguo. Sisi hatupati kitu ukinunua kule.

Halua iache mwisho, asubuhi ya safari. Ni wanga, sukari, samli na iliki vilivyokorogwa mpaka mkono ukakataa, na kwa sababu ya samli hukaa siku kadhaa bila friji. Ukiitia friji inakuwa ngumu. Sisi halua hatuuzi, lakini duka la halua si mbali nasi na tutakuonyesha njia. Uliza iliyopikwa siku hiyo, na uonje kabla haijafungwa.