Msiifomati diski, kagueni betri kwanza

Ndugu Mhariri,

Kwenye vyumba vya mitambo vya redio na runinga bado zimo programu za kurusha ratiba zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows XP, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 8, 2014. Ikigoma, mwenye kituo huambiwa anunue mpya. Mara nyingi programu haina kosa.

Kinachochoka ni betri ya CR2032 kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), ile ya duara kama sarafu, volti 3. Hapa Mwanza umeme ukikatika kwa radi za ziwani na betri imeisha, kompyuta inasahau saa na mipangilio yake. Tarehe ikirudi nyuma miaka kumi na kitu, ratiba ya leo haionekani na leseni inakataa. Baya zaidi, baadhi ya mashine huigeuza diski kuwa AHCI ilhali XP iliwekwa kwa IDE; hizo ni njia mbili tofauti za kompyuta kuzungumza na diski. Inakuja skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Fundi mwenye haraka anasema diski imekufa, anaifomati, na leseni inaondoka nayo. Nendeni mkamtafute muuzaji aliyekwishafunga duka!

Ingieni BIOS, yaani kurasa za mipangilio zinazofunguliwa kabla Windows haijawaka, rudisheni IDE, wekeni tarehe sahihi, hifadhini. Dakika tano. Kurasa zote za BIOS zipigwe picha kwa simu leo, mashine ikiwa bado nzima, na betri ibadilishwe kabla haijaisha.

Diski yenyewe inakiliwe nzima, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine. Nakala hiyo ifungwe kwenye mashine na iwashwe kuona kama inafika hadi kwenye ratiba, kisha itunzwe nje ya jengo. Feni zipulizwe; wadudu wa ziwani wanaofuata taa huziziba kuliko vumbi. Intaneti isiiguse mashine hiyo hata siku moja.

Wanaotaka kuihamishia kwenye kompyuta pepe, yaani mashine ndani ya mashine, waangalie waya wa pini 9 unaoamrisha deki ya video. Huo unatumia RS-422, kiwango cha kupitisha amri kwenye waya, biti 38,400 kwa sekunde, wala si RS-232 ya kawaida, na adapta ya USB inaweza kuchelewesha amri. Kwa picha 25 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 40 tu, kwa hiyo amri ikichelewa kupita hapo tangazo litaingia likiwa limekatwa kichwa.

Mafundi mitambo,
Nyegezi, Mwanza