Barua ya malalamiko: Kasi ya mashine yenu ya kutenganisha seli

Kwa Meneja wa Mauzo,

YAH: KASI YA SELI 70,000 KWA SEKUNDE ISIYOPATIKANA KAZINI

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mashine mliyotuuzia mliinadi kwa namba moja, seli 70,000 kwa sekunde, iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye brosha yenu. Kwa namba hiyo tuliichagua na kuziacha nyingine. Sasa tunaona kwamba ni kasi ya kuhesabu tu. Ya kutenganisha ni nyingine kabisa, na hiyo hamkuiandika popote.

Hesabu yenyewe mnaijua. Kwa nozeli (tundu dogo linalotoa mkondo wa seli) ya mikromita 70, mashine hutoa matone kama 90,000 kwa sekunde, na tone lenye seli inayotakiwa hupewa chaji ya umeme ili livutwe hadi kwenye mrija wake. Seli haziingii kwenye matone kwa foleni, moja baada ya nyingine. Zinaingia kwa bahati, kwa mgawanyo wa Poisson, yaani kanuni ya hesabu ya matukio ya bahati. Tukipitisha seli 70,000 kwa sekunde, uwezekano wa tone lenye seli tunayoitaka kutobeba seli nyingine ni kama asilimia 46. Matone mengine mashine huyakataa ili kulinda usafi, yaani seli tunazozitaka zisichanganyike na nyingine, na seli zetu zinaishia kwenye chupa ya taka. Tukishuka hadi 20,000, tunaokoa kama asilimia 80. Chukueni seli ambazo ni asilimia 0.5 ya sampuli. Kwa kasi ya brosha tunapata takriban 160 kwa sekunde na kupoteza 190. Kwa kasi ya chini tunapata 80 na kupoteza 20. Mwendo umeongezwa mara tatu na nusu, mavuno yameongezeka mara mbili tu, na zaidi ya nusu ya tulichokuwa tunakitafuta kimemwagwa. Hapo bado sijagusa seli zinazoangukia karibu na mpaka wa tone, ambapo mashine huangalia hata tone la jirani na kukataa zaidi.

Anayekuza seli zake maabara anaweza kuvumilia hasara hiyo, kwani atakuza nyingine. Sisi tunapokea vipande vya uvimbe vya wagonjwa. Vingi ni vidogo, na hatuwezi kumrudia mgonjwa kumwomba kingine.

Tena uvimbe uliolainishwa kwa vimeng'enya hutoa seli zilizoshikana, na DNA ya seli zilizokufa huzinasa kama gundi. Tukipandisha kasi, nozeli inaziba, mkondo unapinda, matone yanagonga ukingo wa mrija badala ya kuingia ndani. Inabidi tusimamishe kazi, tusafishe nozeli, tupange upya muda wa kuyapa matone chaji kwa kutumia vishanga vya kupimia (chembe ndogo za plastiki zenye ukubwa kama wa seli), huku sampuli ikisubiri kwenye barafu na seli zikiendelea kufa. Muda huo wote haumo kwenye namba yenu. Na kwa seli kubwa zisizostahimili shinikizo, tunatumia nozeli ya mikromita 100, yenye matone kama 30,000 tu kwa sekunde. Seli 70,000 zitaingia wapi?

Fundi wenu alipokuja alipitisha vishanga, akatuonyesha kaunta ikisoma 70,000, akaandika kwamba mashine ni nzima. Vishanga havishikani wala havifi. Jaribio hilo halikujibu lolote kati ya tuliyomweleza.

Tunaomba mje mfanye jaribio upya kwa sampuli ya tishu, mbele yetu, na mtupe kwa maandishi mavuno, usafi na idadi ya seli zilizo hai baada ya kutenganishwa, kwa kila nozeli na kwa kila kasi. Takwimu hizo ziwekwe pia kwenye brosha, kando ya ile 70,000, ili maabara nyingine zinunue zikijua zinachonunua. Hadi jaribio hilo lifanyike, hatutasaini hati ya kuipokea mashine.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa Maabara