Msiwalaumu wanaosugua vyoo, chupa ndiyo isiyo na jina

Kwako Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu ujana wangu na sijawahi kuwaandikia, kwa kuwa mambo mengi yanayoniudhi husemwa na wasomaji wengine wenye ufasaha kunishinda. Hata hivyo, habari yenu ya majuzi kuhusu wakazi wa Eastlands wanaoungua kwa asidi ya kusafishia vyoo imenikera kiasi cha kutoweza kunyamaza. Mwandishi wenu alieleza majeraha kwa urefu, akasema waathiriwa hawakujua walichokuwa wakitumia, kisha akamalizia kwa kuwashauri akina mama na wafanyakazi wa nyumbani wawe waangalifu. Aliyewauzia hakuulizwa swali hata moja.

Nilifanya kazi katika maabara ya shule ya upili hapa Nairobi hadi nilipostaafu, kwa hiyo asidi ninaijua. Katika maabara ile ilikaa ndani ya kabati lenye kufuli, kila chupa ikiwa na jina la kemikali, kiwango cha nguvu yake na alama ya hatari. Mwanafunzi alifundishwa mapema kwamba ni asidi inayomiminwa ndani ya maji, polepole, wala si maji ndani ya asidi, kwa sababu asidi kali ya salfuriki ikikutana na maji hutoa joto jingi kwa ghafla, maji yakachemka na kumrukia mtu usoni. Leo ninaishi mtaani ambako kimiminiko hichohicho hupangwa kwenye rafu moja na mafuta ya kupikia ya kupima, ndani ya chupa za soda za nusu lita, kikiwa na rangi ya manjano hafifu kama juisi ya nanasi iliyozimuliwa. Chupa haina karatasi yoyote isipokuwa ile ya soda iliyokuwamo mwanzo. Mtoto mwenye kiu atajuaje?

Ukimuuliza muuzaji ni asidi gani, atakujibu kwamba ni ya choo. Huenda ikawa haidrokloriki ya viwandani, ambayo nguvu yake hupita asilimia 30, ilhali dawa za vyoo zenye maelezo kamili kwa kawaida huwa na asilimia 10 hivi au chini ya hapo. Huenda pia ikawa salfuriki, ile inayotiwa kwenye betri za magari. Hununuliwa kwa mitungi ya lita 20, ikamiminwa chupani na mtu asiye na glavu wala kipimo, na pengine ikaongezwa maji kwa kukisia, hivi kwamba chupa ya juma hili haifanani na ya juma lililopita ijapokuwa bei ni ileile.

Sasa nawaeleza kilichompata binti wa kaka yangu, ambaye ni mhasibu na hawezi kuitwa mtu asiyejua kusoma. Alikuwa akihama nyumba ya kupanga huko Embakasi, na msimamizi wa ploti alikuwa amemwonya kwamba asiporudisha choo kikiwa cheupe kama alivyokikuta, amana yake itakatwa. Jioni alimwaga jiki ndani ya choo ili ilale humo, baada ya kusoma maelezo yaliyoonya kwamba isichanganywe na asidi. Asubuhi madoa yalikuwa hayajatoka, na msimamizi huyohuyo akamletea chupa kutoka kibanda cha pale langoni, akimwambia kwamba hiyo ndiyo dawa ya choo ambayo wapangaji wote huitumia. Hakumwambia kwamba ni asidi, na chupa haikuwa na maandishi ya kumwambia. Aliimimina. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliwafungulia askari wa upande wa pili karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, mnamo Aprili 1915, na kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa hukaa chini, palepale anapoinamia mtu anayesugua. Choo hicho hakina dirisha, kina tundu tu la kupitishia hewa karibu na dari. Jirani alimkuta ukumbini akikohoa hata hawezi kutamka neno. Hospitalini daktari wa zamu aliuliza swali ambalo daktari yeyote angeliuliza, yaani alichotumia ni nini, nasi tukamwonyesha chupa iliyoandikwa soda ya machungwa. Nilimpigia simu mwenye kibanda na hata yeye hakujua, kwa sababu huletewa mzigo na mtu wa pikipiki ambaye hamjui jina. Binti yetu alilazwa usiku ule ili achunguzwe, kwa kuwa klorini inaweza kuyafanya mapafu yajae maji saa kadhaa baada ya mtu kuivuta, hata kama alionekana kupata nafuu. Kwa wiki kadhaa hakuweza kupanda ngazi bila kusimama njiani. Mhariri, mwandishi wenu angemwambia awe mwangalifu kwa njia gani, wakati maelezo yaliyokuwapo aliyasoma na kuyafuata, na yale ambayo yangemwokoa hakuna aliyeyaandika?

Suala la amana nalo haliwezi kuachwa nje ya habari kama hii, kwa kuwa ndilo linalopeleka watu wengi kwenye hizo chupa. Mpangaji wa Nairobi huletewa maji kwa mgao, na mfereji ukikauka hununua ya kisima, ambayo yakiwa na chuma huacha mistari ya kutu ndani ya choo na sinki. Baada ya miaka kadhaa mwenye nyumba huhesabu mistari hiyo kuwa uharibifu wa mpangaji, ingawa maji si ya mpangaji. Ajabu ni kwamba asidi anayotaka itumike ndiyo inayomharibia mali, kwa kuwa hula sementi iliyo kati ya vigae, hutoboa marumaru na terazo kwa sababu zina chokaa, na mvuke wake hubabua mifereji yenye kung'aa. Madoa mengi ya aina hiyo hulegea kwa asidi ya sitriki, ule unga wanaoutumia watengenezaji wa jemu, ukiyeyushwa kwa maji ya vuguvugu na kuachwa chooni usiku kucha, mradi hakuna jiki iliyobaki humo.

Ninachopendekeza ni hiki. Asidi yoyote ya matumizi ya nyumbani iuzwe tu katika debe la manjano la plastiki nzito, lisilopungua lita moja ili lisifanane na kinywaji, lenye kifuniko cha kubonyeza ndipo kizunguke, na lenye matuta ubavuni. Waingereza wa zamani walitengeneza chupa za sumu zenye matuta ili anayepapasa gizani ajue alichoshika, na hapa kwetu umeme hupotea mara nyingi. Juu ya debe liandikwe kwa Kiswahili jina la kemikali, asilimia yake, na onyo kuhusu jiki. Anayeuza asidi kali kuliko hiyo ya nyumbani aweke daftari la majina ya wanunuzi na sababu zao, kama Mahakama ya Juu ya India ilivyoagiza mwaka 2013. Maafisa wa afya wa kaunti wanaokagua vyeti vya wauza chakula mitaani wapewe pia idhini ya kuondoa kila chupa ya soda yenye asidi wanayoikuta. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya kupewa maelezo ya bidhaa na haki ya kulindwa afya yake, kwa hiyo siombi hisani.

Kwenu ninyi nina ombi moja. Chapisheni, mahali palepale mlipoweka ile habari, mambo ambayo mwandishi aliyaacha: kwamba aliyemwagikiwa avuliwe nguo zilizolowa na aoshwe kwa maji yanayotiririka kwa angalau dakika 20, bila kupakwa dawa ya meno wala magadi, kwamba aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwamba aliyevuta gesi atolewe nje mara moja na apelekwe hospitalini hata akidai amepona. Mwandishi wenu akitaka kuzungumza na wauzaji safari hii, niko tayari kuandamana naye kibanda hadi kibanda siku yoyote atakayoichagua.

Mtunza maabara mstaafu,
Umoja, Nairobi